Jibu Hasi Ambalo Paul Dirac Hakulifuta

Katika kijiwe kimoja cha kahawa karibu na soko la Majengo, jijini Dodoma, niliwakuta wazee na vijana wakibishana juu ya video fupi iliyokuwa ikizunguka kwenye simu zao. Msimulizi wa video hiyo alidai kwamba aliwahi kuwapo mwanafizikia wa Uingereza aliyekuwa hasemi na mtu, akajifungia chumbani hadi akavumbua bomu la antimata, kisha akaikataa Tuzo ya Nobel na kufa akiwa mwendawazimu. Mzee mmoja alisema kwamba mtu huyo alikuwa na majini. Kijana wa bodaboda akasema antimata ni madini, kama yale yaliyokuwa yakitafutwa Bahi. Muuza kahawa mwenyewe akamalizia kwa kusema kwamba mjukuu wake naye hafungui mdomo darasani, kwa hiyo huenda naye akawa profesa. Nimefundisha fizikia na hisabati katika sekondari za mkoa huu kwa miaka mingi, na nilipowasikiliza niliona kwamba kila mmoja wao alikuwa ameshika ukweli kidogo, ila ameushika kama mtu aliyeshika kisu upande wa makali.

Mtu anayezungumziwa ni Paul Adrien Maurice Dirac, aliyezaliwa Bristol, Uingereza, tarehe 8 Agosti 1902, na kufariki Tallahassee, katika jimbo la Florida nchini Marekani, tarehe 20 Oktoba 1984. Hakuvumbua bomu la antimata, hakuikataa tuzo, na hakuwa mwendawazimu. Ukimya wake ndio uliokuwa wa kweli, na nitajaribu kuonyesha kwamba ukimya huo na ugunduzi wake vilitoka katika tabia moja, ambayo si ile inayotajwa vijiweni.

Kwanza tuyaweke sawa maneno machache. Mitaani tukisema “hiyo ni nadharia tu” huwa tunamaanisha maneno matupu yasiyo na vitendo. Katika fizikia neno hilo lina uzito mwingine kabisa: nadharia ni mfumo wa maelezo, aghalabu ulioandikwa kwa hesabu, unaoeleza mambo mengi kwa kanuni chache na unaokubali kupimwa, hata kuangushwa, na majaribio. Mwanafizikia wa nadharia huijenga mifumo hiyo kwa kalamu na karatasi, wakati mwenzake wa majaribio anahangaika na vifaa vya maabara. Maada ni kila kitu chenye uzito na kinachochukua nafasi: jiwe, maji, hewa, mwili wako. Ukiichambua maada unafika kwenye atomu, na ndani ya atomu mna elektroni, chembe ndogo mno yenye chaji hasi, ambayo mwendo wake ndani ya nyaya ndio umeme unaowasha taa. Neno antimata tuliache kwanza, kwa sababu Dirac mwenyewe hakuanza nalo. Alilifikia mwishoni, tena kwa kusitasita.

Baba yake, Charles, alikuwa Mswisi aliyefundisha Kifaransa katika shule moja ya Bristol. Dirac alikuja kueleza, akiwa mtu mzima, kwamba baba yake alimtaka azungumze naye Kifaransa tu wakati wa kula, na kwa kuwa hakuweza kujieleza vizuri kwa lugha hiyo, aliona afadhali anyamaze. Mama yake, kaka yake na dada yake walikula jikoni. Yeye alikula na baba sebuleni, kimya. Mwaka 1925 kaka yake, Felix, alijiua, na pigo hilo lilimkaa moyoni maisha yake yote.

Sisi tuliofundisha kidato cha kwanza hatuhitaji kwenda Bristol kuielewa habari ya Kifaransa cha mezani. Mtoto anatoka kijijini Mvumi au Chipanga, nyumbani anasema Kigogo, shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili akiwa mchangamfu wa kunyoosha kidole kila mara, kisha anaingia sekondari na kuambiwa kwamba kuanzia leo ni Kiingereza. Ndani ya wiki mbili mtoto huyo amekuwa bubu. Walimu wengine humwona mzito, na wazazi wengine, kama babu wa kijiweni, humwona amejaliwa akili za pekee. Ukweli ni kwamba mtoto amefungwa mdomo, na ukimya wake haukuambii lolote kuhusu akili yake kwa upande wowote. Hali kadhalika, wako waliomwandikia Dirac wasifu wakadhani kwamba huenda alikuwa na usonji. Inawezekana, lakini hakuna daktari aliyempima akiwa hai, na mimi naona ni salama zaidi kutazama alichofanya kuliko kumbandika jina mtu aliyekwisha kuzikwa.

Alichofanya ni hiki: alisema tu lile alilokuwa na hakika nalo, na kila aliloambiwa alilipokea kama lilivyo, neno kwa neno. Wenzake wa Cambridge walitania kwamba kipimo kimoja cha “dirac” ni sawa na neno moja kwa saa. Kuna kisa kinachosimuliwa sana, kwamba baada ya mhadhara wake mtu mmoja alisimama akasema hakuuelewa mlinganyo ulioandikwa juu, upande wa kulia wa ubao. Dirac alinyamaza. Ukumbi ukangoja. Mwenyekiti alipomuuliza kama hatajibu swali, alisema kwamba lile halikuwa swali bali tamko. Hakuwa na dharau. Hakika hakuwa ameulizwa kitu.

Hata mapenzi aliyaendea hivyo hivyo. Margit Wigner, dada wa mwanafizikia Eugene Wigner na mwanamke ambaye Dirac alikuja kumwoa mwaka 1937, alimlalamikia katika barua kwamba hajibu maswali yake. Dirac alichukua karatasi akachora jedwali: safu ya kwanza namba ya barua, ya pili swali, ya tatu jibu. Pale Margit alipouliza kama ana hisia zozote kwake, safu ya tatu ilijazwa kwamba zipo, kiasi. Mtu wa kawaida angeongeza chumvi. Walioana, akawalea watoto wawili wa Margit wa ndoa ya kwanza, na wakapata mabinti wawili. Kwa hiyo lile dai la kujifungia chumbani nalo tuliweke kando. Mwaka 1929 huyo anayeitwa mtu wa kujifungia alisafiri hadi Japani kwa meli pamoja na mwanafizikia Mjerumani Werner Heisenberg, na urafiki wake na mwanafizikia Mrusi Pyotr Kapitza ulidumu miaka mingi.

Tabia hiyo ya kutosema kabla ya kuhakikisha inaonekana pia katika mwanzo wa kazi yake. Alisomea uhandisi wa umeme Bristol, akamaliza mwaka 1921, akakosa ajira kwa kuwa uchumi ulikuwa umeanguka baada ya vita, akarudi darasani kusoma hisabati, na mwaka 1923 akaingia Cambridge. Miaka miwili baadaye Heisenberg alitoa wazo la kushangaza kuhusu namna ya kuzihesabu atomu, ambamo mpangilio wa kuzidisha unabadilisha jibu. Shuleni tunafundishwa kwamba 3 mara 4 ni sawa na 4 mara 3. Lakini mtu yeyote aliyewahi kusonga ugali anajua kwamba kuchemsha maji kisha kutia unga si sawa na kutia unga kwenye maji baridi kisha kuchemsha: vitendo ni vile vile, mpangilio tofauti, na matokeo mengine kabisa. Jumapili moja ya mwaka 1925, akiwa matembezini, Dirac alikumbuka kwamba aliwahi kusoma kitu kinachofanana na hilo katika hisabati ya zamani, kinachoitwa mabano ya Poisson, ila hakukumbuka vizuri kimeandikwaje. Vitabu vyake havikuwa nacho, na maktaba zilikuwa zimefungwa. Alirudi nyumbani, akalala na wazo lake bila kuwa na hakika, na Jumatatu asubuhi akawahi maktaba ilipofunguliwa. Kumbukumbu yake ilikuwa sahihi. Mwaka uliofuata alipata shahada ya uzamivu kwa tasnifu kuhusu fizikia hiyo mpya, inayoitwa mekanika ya kwanta.

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo ya sekondari.

Chukua shamba la zabibu la mstatili, tuseme huko Mpunguzi, lenye eneo la mita za mraba 300, na urefu wake umeuzidi upana kwa mita 5. Upana ni kiasi gani? Mwanafunzi anaandika mlinganyo, anaukokotoa, na anapata majibu mawili: 15 na -20. Hapo, bila hata kufikiri, anachukua rula na kulikata lile la pili kwa mstari, kisha anaandika pembeni kwamba halikubaliki kwa kuwa hakuna shamba lenye upana wa hasi 20. Nimesahihisha maelfu ya madaftari yenye mstari huo, na kila mara nimeweka alama ya vema, kwa sababu kwa shamba la zabibu mwanafunzi yuko sahihi.

Mwishoni mwa mwaka 1927 Dirac alikuwa akitafuta mlinganyo wa elektroni inayokwenda kasi sana. Mekanika ya kwanta ilikuwa na mlinganyo mzuri wa Erwin Schrödinger wa mwaka 1926, lakini huo ulifaa kwa chembe za mwendo wa polepole tu. Kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga ni lazima kufuata nadharia ya Einstein ya mwaka 1905, na viwili hivyo vilikuwa havipatani. Tatizo lilianzia kwenye kipeuo. Kanuni ya Einstein haikupi nishati ya chembe moja kwa moja, inakupa mraba wake, na kila mwanafunzi anajua kwamba 25 ina vipeuo viwili, 5 na -5. Dirac alitaka mlinganyo ambamo nishati yenyewe ndiyo inayoonekana, si mraba wake. Aliupata, na akauchapisha mwaka 1928. Gharama yake ilikuwa kwamba elektroni haikuweza tena kuelezwa kwa namba moja. Ilihitaji vipande vinne.

Viwili kati ya hivyo vilileta zawadi ambayo hakuiomba. Ilikwisha kujulikana kwamba elektroni inafanya kama sumaku ndogo, kana kwamba inajizungusha kama pia ya watoto, lakini wanafizikia walikuwa wameliongeza jambo hilo kwa mkono, kama mtu anayetia kiraka. Katika mlinganyo wa Dirac lilijitokeza lenyewe, na nguvu ya sumaku ile ikawa sawa na iliyopimwa. Vipande viwili vilivyobaki ndivyo vilivyoleta kizaazaa: vilikuwa ni vya elektroni yenye nishati hasi. Ilikuwa -20 ya shamba letu.

Wengi wangelikata. Heisenberg alisononeshwa sana na jambo hilo. Lakini kwa Dirac mlinganyo ulikuwa umesema, na yeye hakuwa na desturi ya kuchagua katika maneno ya mwenzake yale yanayompendeza na kuacha mengine. Ndiyo maana nasema kwamba yule mtu wa ubaoni, wa jedwali la mapenzi na wa jibu hasi ni mtu mmoja.

Mwaka 1930 alipendekeza picha ifuatayo, nami nitaieleza kwa daladala. Fikiria daladala iliyojaa kabisa, kila kiti kina mtu. Hakuna anayeweza kusogea, na aliyeko nje haoni badiliko lolote ndani. Sasa abiria mmoja wa mbele anashuka. Aliyekuwa nyuma yake anasogea kwenye kiti kile, wa nyuma zaidi anajaza cha huyo, na kadhalika. Ukitazama kwa makini utaona kwamba watu wanakwenda mbele, lakini kile kiti kitupu kinarudi nyuma, kana kwamba nacho ni abiria mwenye safari yake. Dirac alisema tuchukulie kwamba nafasi zote za nishati hasi zimekwisha kujazwa na elektroni, ndiyo sababu hatuzioni. Ikitoka moja, panabaki pengo. Na kwa kuwa kilichokosekana ni chaji hasi, pengo hilo litaonekana kama chembe yenye chaji chanya. Siku hizi wanafizikia wana njia nyingine ya kulieleza jambo hili, isiyohitaji daladala iliyojaa, lakini matokeo ni yale yale.

Basi pengo hilo ni chembe gani? Hapa ndipo ninapompenda Dirac zaidi, kwa sababu hapa aliogopa. Wakati huo chembe zilizojulikana ndani ya atomu zilikuwa mbili tu, elektroni na protoni, na protoni ina chaji chanya. Akasema pengo ni protoni. Hesabu zilikataa. Protoni ina uzito karibu mara 1,836 ya elektroni, ilhali mwanahisabati Hermann Weyl alionyesha kwamba pengo lazima liwe na uzito ule ule wa elektroni, na mwanafizikia Robert Oppenheimer akaeleza kwamba kama protoni zingekuwa mapengo, elektroni zingeyaangukia na atomu zote zingetoweka mara moja. Mwaka 1931 Dirac aliandika hatimaye kwamba lazima iwepo chembe mpya, isiyowahi kuonwa na mtu, yenye uzito wa elektroni na chaji kinyume chake. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakuyasema hayo tangu mwanzo, alijibu kwamba ulikuwa ni woga tu.

Chembe hiyo ndiyo antimata ya kwanza. Antimata, basi, ni maada kama hii yetu ambayo chembe zake zina chaji zilizogeuzwa, na chembe ya aina moja ikikutana na pacha wake wa aina ya pili, zote mbili hutoweka na nishati yake hutoka kama miale.

Aliyeiona si Dirac. Tarehe 2 Agosti 1932, huko California, kijana aitwaye Carl Anderson alikuwa akipiga picha za miale inayotoka angani kwa kutumia chombo chenye mvuke, ambamo chembe ikipita huacha mstari wa ukungu, kama ule mstari mweupe ambao ndege huuacha juu ya anga letu la kiangazi. Chombo kilikuwa ndani ya sumaku kali inayopindisha njia ya chembe, na katikati palikuwa na bamba la madini ya risasi. Katika picha moja mstari ulipinda zaidi upande mmoja wa bamba kuliko mwingine. Chembe ilikuwa imepunguza mwendo baada ya kupenya bamba, na kwa hiyo Anderson alijua imetoka upande gani. Ukijua imetoka wapi, mkunjo unakuambia aina ya chaji. Ilikuwa chanya, na wembamba wa mstari ulionyesha kwamba chembe ni nyepesi kama elektroni. Anderson hakuwa akiutafuta utabiri wa Dirac. Chembe hiyo ikaitwa positroni.

Sasa nirudi kwa kijana wa bodaboda. Utafutaji wa madini ya urani katika maeneo ya Bahi na Manyoni uliacha maneno mengi na hofu nyingi, na naelewa kwa nini kila neno geni la fizikia linaangukia huko. Antimata haichimbwi, kwa kuwa haiwezi kukaa ardhini hata kidogo bila kukutana na maada na kutoweka. Kuhusu bomu, ni kweli kwamba gramu moja tu ya antimata ingetoa nishati kubwa kuliko bomu la Hiroshima. Lakini antimata yote ambayo binadamu wamewahi kuitengeneza haikaribii hata sehemu ya elfu ya gramu, na kuitengeneza kunakula nishati nyingi mno kuliko inayorudi. Inapotumika kweli ni hospitalini: katika kipimo kiitwacho PET, mgonjwa hudungwa dawa inayotoa positroni, positroni hizo hukutana na elektroni za mwilini, na miale inayotoka inaonyesha mahali saratani ilipojificha. Wala usidhani ni kitu cha mbali. Ndizi mbivu uliyoinunua Majengo ina potasiamu, sehemu ndogo ya potasiamu hiyo ni nururishi, yaani hutoa miale yenyewe, na kila baada ya saa moja au mbili hivi ndizi hiyo hutoa positroni moja.

Tuzo ya Nobel ilimjia mwaka 1933, akiwa na miaka 31, pamoja na Schrödinger. Alifikiria kuikataa kwa kuogopa kelele za magazeti, hadi mwanafizikia mkongwe wa Cambridge, Ernest Rutherford, alipomwambia kwamba akiikataa kelele zitakuwa kubwa zaidi. Hoja ilikuwa sahihi, akaikubali. Gazeti moja la London lilimwita mwenye haya kama swala, sifa ambayo sisi tuliokulia kwenye nyika hii tunaielewa vizuri: swala haogopi kila kitu, ila hatulii penye vishindo.

Upweke wake wa kweli ulikuja baadaye, nao ulitokana na hesabu. Nadharia iliyokuzwa kutoka kwenye kazi yake mwenyewe, inayohusu elektroni na mwanga, ilikuwa ikitoa majibu yasiyo na kikomo kila ilipokokotolewa kwa undani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wanafizikia wenzake walibuni njia ya kuyaondoa majibu hayo kwa utaratibu maalumu, na kilichobaki kikalingana na vipimo vya maabara kwa usahihi wa kustaajabisha. Dunia ya fizikia ilishangilia. Dirac alikataa. Alisema kwamba katika hisabati yenye akili mtu huacha kiasi fulani kwa sababu ni kidogo mno, haachi kwa sababu ni kikubwa bila kikomo na hakitaki. Kwake yeye hilo lilikuwa ni kulikata jibu kwa rula.

Alikaa na msimamo huo Cambridge, katika kiti cha uprofesa alichowahi kukikalia Newton, hadi alipostaafu mwaka 1969, kisha akahamia Florida na kuendelea kutafuta mlinganyo usiohitaji kukatwa. Hakuupata. Huenda alikosea safari hii. Wengi wa waliomfuata wanaamini hivyo, nami sina hesabu ya kuwapinga. Mwaka mmoja hivi kabla ya kifo chake, mwanafizikia kijana wa Florida alimwomba aje kutoa mhadhara kwenye chuo chake. Mzee alimjibu kwamba hana la kuzungumza, kwa kuwa maisha yake yalikuwa yameshindwa. Kijana alipigwa na butwaa, maana aliyekuwa mbele yake ndiye aliyeitabiri antimata. Lakini Dirac hakuwa akitafuta kubembelezwa. Kwa hesabu yake, majibu yasiyo na kikomo yalikuwa bado yapo pale pale.